Bosi anataka ubunifu, wafanyakazi wamenyamaza

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia kwa sababu jambo hili limenichosha na pale ofisini sina wa kumwambia.

Nafanya kazi katika kampuni ya utalii hapa Arusha, ofisi yetu iko upande wa Njiro. Mimi ni meneja wa safari: napanga magari, madereva, wapishi wa kambi na chakula cha wageni. Juu yangu yuko mwenye kampuni, mzee aliyeanza na gari moja la mkopo mpaka akafika hapa alipo. Simsemi vibaya, ni mtu wa kazi na mishahara yetu hailali.

Mwaka jana alikwenda semina Dar es Salaam akarudi amewaka moto. Akatuambia kampuni zinazofanya kazi kwa mazoea zinakufa, na kuanzia siku hiyo anataka ubunifu. Likachongwa sanduku la maoni, lina kufuli na ufunguo anao mwenyewe. Ukawekwa mkutano kila Jumatatu asubuhi, kila mtu aje na wazo moja. Pale mapokezi ikatundikwa fremu ya picha ya Mbunifu wa Mwezi. Mwanzoni watu walijitahidi. Sasa hivi Jumatatu ikifika wote wanaangalia viatu vyao, na anayebanwa sana anasema tupake geti rangi au tushone sare mpya. Mara ya mwisho bosi alipofungua sanduku alikuta karatasi mbili, zote zinauliza posho za Desemba.

Kuna mambo mawili yaliyotokea, nayaona yana mkono katika hili. La kwanza ni la fundi wetu wa gereji, kijana mtulivu. Aliona magari yanayotoka Serengeti yanarudi kila mara vishikizo vya shokapu vimekatika, kwa zile barabara za vumbi unazozijua. Akachukua kipande cha springi kuukuu, akakikata, akakichomelea kwenye gari moja ili kushikilia vizuri. Safari ya kwanza gari likarudi zima. Safari ya pili kikaachia njiani kwenda Ndutu, wageni wakakaa juani mpaka tulipopeleka gari jingine. Bosi akamkata fundi mshahara kufidia gharama ya gari lile. Hakumwita wala kumuuliza. Tangu hapo mafundi wote wanafunga spea kama zilivyotoka dukani, hata wakijua haitadumu.

La pili ni la dereva mmoja. Aliniambia wageni hawali zile lanchi boksi zetu. Kila siku anarudi na mapaja ya kuku ya baridi, mayai ya kuchemsha yaliyobonyea na keki zilizosagika. Akashauri tubebe chakula cha moto kwenye hotpoti, tuwe na meza ya kukunja na kitambaa, wageni wale kama watu. Nikapeleka juu, nikajibiwa tutaangalia. Ikaishia hapo. Dereva akahamia kampuni nyingine, na huko ndivyo wanavyolisha wageni wao. Bosi ameona picha za meza ile mtandaoni, akaniuliza kwa nini sisi hatukuwaza hivyo. Nilikosa la kusema.

Sasa anasema vijana wa siku hizi hawana ubunifu. Anataka ama alete mtaalamu kutoka Nairobi atufundishe hotelini kwa siku mbili, ama atoe zawadi ya fedha kwa wazo bora la mwaka. Ameniambia nichague mimi. Lakini Mwalimu, hao hao anaosema hawana ubunifu, mmoja ameunda mashine ya kukata majani ya ng'ombe nyumbani kwake Ngaramtoni kwa mota ya kuokoteza. Madereva wana kundi lao la WhatsApp, wanaambiana njia ipi imekatika na geti lipi lina foleni, na habari zao zinafika kabla ya zile za ofisi. Kwa nini nyumbani wana akili na ofisini hawana? Na bosi nimwambie nini?

Meneja, Njiro


Marahaba, mwanangu.

Akili wanayo kote kote. Ofisini wameshaona inawagharimu kiasi gani, na mtu mwenye watoto shuleni hawezi kulipa gharama hiyo mara mbili.

Tumwangalie kwanza huyo fundi wako, maana kisa chake kimebeba karibu kila kitu. Aliona hitilafu inayojirudia, wakati wengine walikuwa wanabadilisha spea na kunyamaza. Akafikiri chanzo chake. Akatafuta chuma kilichokuwepo badala ya kuomba fedha. Akakifunga kwenye gari moja tu, si yote. Gari likaenda, likarudi. Hayo ndiyo ambayo huyo mtaalamu wa Nairobi angekuja kuwafundisha, na kijana wako aliyafanya bila kuambiwa na mtu. Kilichokosekana ni upande wa ofisi. Baada ya safari ya kwanza, nani alimwambia alisimamishe gari wakitazame kile chuma pamoja, kama weldi imeanza kuchanika? Nani alisema kitu kipya kikae kwanza kwenye gari la mizigo, lile linalopeleka mahema na vyakula kambini, kabla ya kupakia wageni? Hakuna. Hamkuwa na utaratibu wa kujaribu, kwa hiyo jaribio likafanyika mbele ya wageni, na lilipoharibika akatafutwa wa kulipa.

Hapo kuna jambo la kisheria pia, na bosi wako alijue kwa faida yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa kuamua tu. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Aandikiwe chanzo cha hasara, kiasi chake na kilivyopigiwa hesabu. Apewe nafasi ya kupinga. Makato yasizidi hasara yenyewe, wala yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kijana wako hakuulizwa hata neno moja. Fedha ile irudishwe, na irudishwe hadharani, Jumatatu hiyo hiyo wanayokutana, kwa maneno mafupi ya bosi mwenyewe. Lolote utakalolianzisha kabla ya hapo, watu watalitazama huku wakikumbuka yale makato.

Nikukumbushe habari ya mtu wetu, Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa na sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye jokofu. Siku moja aliona nafasi kwenye jokofu inakwisha, akayaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Alipomuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu wa fizikia akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia nzima. Ikawa utani wa darasa: akikosea hesabu, wanasema ni hesabu ya Mpemba.

Baadaye Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda pale shuleni kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza swali lile lile, wenzake wakacheka. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kwamba akirudi chuoni atajaribu. Akampa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akaja na jibu kwamba ni kweli maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja, na wakati huo Mpemba alikuwa chuo cha wanyamapori Mweka, hapo juu ya Moshi. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo lile mpaka leo, lakini duniani kote linaitwa kwa jina lake.

Naipenda habari hii kwa sababu ya Osborne. Hakumsifu yule kijana wala hakumtundikia picha ukutani. Alisema nitajaribu, akajaribu, kisha jina la mwenye swali likabaki kwenye kazi. Dereva wako wa hotpoti alistahili vitu hivyo vitatu na hakupata hata kimoja. Jibu la tutaangalia ni baya kuliko hapana. Ukimwambia mtu hapana ukampa sababu, kesho atakuja na jingine. Ukimwambia tutaangalia, atasubiri, ataona aibu kuuliza tena, na siku moja utasikia amehama.

Kuna mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, ambaye miaka ya 1990 alichunguza timu za wauguzi hospitalini. Alitegemea kwamba timu zinazoelewana vizuri zingekuwa na makosa machache ya kutoa dawa. Takwimu zikaja kinyume: timu nzuri ndizo zilizoonekana na makosa mengi. Alipochimba zaidi akaelewa kwamba kwenye timu zile watu walikuwa wakiyasema makosa yao, na kwenye nyingine walikuwa wakiyaficha. Sasa fikiria gereji yenu. Bosi akiona miezi imepita hakuna fundi aliyejaribu kitu kikaharibika, anaweza kudhani mambo yametulia. Mimi ningeogopa. Kama fundi amejifunza kutosema wazo lake, atasema breki aliyoitilia shaka? Hawa watu wanabeba roho za wageni na za madereva wenu kwenye miteremko ya Ngorongoro. Huo ukimya uliokuchosha wewe una hatari kubwa kuliko kukosa mawazo mapya.

Sasa hilo sanduku. Sina ugomvi na kukusanya maoni. Hao Toyota ambao bila shaka magari yao ndiyo yanayowalisha walianza mpango wa kupokea mawazo ya wafanyakazi mwaka 1951, mwaka ule ule walipotengeneza Toyota BJ, mzazi wa Land Cruiser zote. Mpango huo umedumu miongo mingi. Lakini pale wazo dogo linapita kwa msimamizi wa karibu, linajibiwa, na mara nyingi aliyelitoa ndiye anayelitekeleza. Na kwenye mstari wa kuunganisha magari, mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anavuta kamba au anabonyeza kitufe, msimamizi anakuja kusaidia, na isipotatuliwa haraka mstari unasimama. Haki ya kusimamisha kazi ya mamilioni amepewa mtu anayefunga bolti. Kwenu, wazo la kununua hotpoti lililazimika kupanda mpaka kwa mtu mmoja mwenye ufunguo mmoja, ambaye siku hiyo huenda alikuwa akifikiria mkopo wa benki.

Kwa hiyo ninachokushauri ukiombe kwa bosi ni kidogo kuliko semina. Atenge kiasi cha fedha kila mwezi, ambacho kikipotea chote hakitamnyima usingizi, na mamlaka ya kukitumia yawe kwa watu watatu: wewe, mmoja wa mafundi na mmoja wa madereva, wanaopokezana. Kiasi akitaje mwenyewe. Wazo linaloingia ndani ya kiasi hicho halihitaji sahihi yake. Kila wazo lijibiwe ndani ya wiki, ndiyo au hapana, kwa mdomo, na kwa sababu. Likikubaliwa, mwenye wazo apewe muda wa kazi wa kulifanya, maana mnachotaka sasa ni afikirie kampuni usiku akiwa amechoka, bure. Na kila jaribio lianzie kwenye gari lisilo na wageni.

Muda mnao. Masika ya Aprili na Mei, wageni wanapopungua, magari yanalala uani na mafundi wanaosha injini zilizokwisha kuoshwa. Huo ndio wakati wa kurudia kile chuma cha shokapu. Mpe gari moja, mpe fedha ya chuma kizuri badala ya kipande cha springi, maana chuma cha springi kigumu kile ukikichomelea bila uangalifu kinapasuka pembeni ya weldi, na huenda ndicho kilichomponza. Apeleke gari kwenye rafu rodi, alirudishe, walitazame chini wote. Likikatika, aandike lilipokatikia, ajaribu tena.

Mkutano wa Jumatatu usiufute, badilisha swali. Kumwambia mtu alete wazo moja kila wiki ni kumfanya abuni wazo, ndiyo maana mnapata rangi ya geti. Waulize wiki iliyopita nini kiliwakwamisha, au ni kitu gani walilazimika kukirudia mara mbili. Mpishi atasema gesi iliisha usiku kwa sababu hakuna anayepima mtungi kabla haujatoka Arusha. Hilo ni la kweli, linatatulika kwa mizani, na mkilitatua Jumatatu ijayo watazungumza watatu. Posho za Desemba nazo zilipwe. Mtu anayedaiwa kodi ya nyumba hawezi kukuwazia mambo ya mwakani, na zile karatasi mbili ndizo maoni ya wazi kuliko yote mliyowahi kupata kwenye sanduku lile.

Kundi la WhatsApp la madereva usiliguse. Usiingie, usilifanye la ofisi. Mualike mmoja wao akueleze wanachoambiana ambacho ofisi ingefaa kukijua, basi. M-Pesa yenyewe ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 ilikuwa njia ya wakopaji kurejesha mikopo yao midogo. Watu wakaitumia kutumiana fedha. Waliokuwa wakisimamia jaribio waliliona hilo wakalifuata, na ilipozinduliwa mwaka 2007 ikauzwa kama huduma ya kutuma fedha, mwaka uliofuata ikafika kwetu. Wafanyakazi wako nao wameshaunda huduma yao ya habari za barabarani. Jifunze kutoka kwayo kwa heshima.

Kuhusu zawadi ya wazo bora, ningemwomba bosi aiache. Chuma cha shokapu huenda kilianza na malalamiko ya dereva, kikapita kwa fundi, na huenda mwenzake ndiye aliyekishika wakati wa kuchomelea. Utampa nani bahasha? Atakayepata ataonekana mpenzi wa bosi, na wengine mawazo yao watayaweka mfukoni wakisubiri mwakani. Kazi iliyofaulu iwaingizie wote kitu kidogo kwenye malipo ya mwisho wa msimu, na aliyeianzisha atajwe kwa jina kila inapozungumzwa. Mtaalamu wa Nairobi anaweza kuja siku moja, kama mafundi wenyewe watasema wanataka kujifunza jambo fulani.

Sasa, utamwambiaje mzee? Usianze na makosa yake, hatakusikia. Kaa naye faragha, umwombe akusimulie siku za lile gari moja la mkopo. Alikuwa anaamuaje? Utasikia kwamba wazo lilimjia asubuhi, mchana akalijaribu, likiharibika anakula hasara jioni na kesho anaendelea. Hakuwa na kamati wala sanduku. Haki hiyo ya kujaribu na kukosea ndiyo iliyomjenga, na alipoajiri watu akabaki nayo peke yake bila kukusudia. Mwambie unamwomba aigawe kidogo. Mtu aliyeanzia chini huwa analielewa jambo hilo akilisikia kwa lugha ya maisha yake mwenyewe. Halafu taja lile la makato na sheria kwa upole, kama mtu anayemlinda, kwa sababu kweli unamlinda.

Akikataa yote, bado hujafungwa mikono. Chakula cha mchana kiko chini yako, umesema mwenyewe. Chukua safari mbili zijazo, mwombe dereva na mpishi wakuandikie kila kinachorudi kwenye maboksi, kitu kwa kitu, na bei yake. Safari ya tatu azima hotpoti na meza, mpigie simu yule dereva aliyehama umuulize kilichowasumbua walipoanza, na mtaje kwa bosi kwamba wazo ni lake. Weka hesabu hizo mbili kwenye karatasi moja, umpelekee mzee kabla hajalipa ukumbi wa hoteli.